Safari Zisizokula Oili

Kwanza mnisamehe. Hati yangu ni mbaya, na herufi nyingine huenda nimezikosea, maana niliishia darasa la nane na tangu siku hizo kalamu nimeishika kwa nadra. Naandika polepole. Mama amepita hapa mlangoni akaniuliza kama naandika wasia. Lakini kuna jambo limenichanganya, nami si mtu wa kuuliza kwa mdomo. Nikisimama mbele ya watu ulimi hunifia. Jambo lenyewe ni dogo: gari kuukuu libadilishwe oili baada ya muda gani? Ili mjue kwa nini swali dogo kama hili limeninyima raha, yanipasa niwaeleze habari za Mkunga.

Jina lake nalijua ila sitaliandika. Hapa kwetu Chaani hakuna anayelitumia. Wakubwa humwita Bi Mkunga, wadogo humwita Nyanya. Zamani alizalisha wanawake majumbani mwao, na wengi wanaopita njia hii wakienda kazini walishikwa kwanza na mikono yake. Baadaye wanawake walipohimizwa wakajifungulie hospitali, wakunga wenzake walinuna. Yeye hakununa. Alinunua gari.

"Zamani mtoto alinijia mimi," alisema. "Sasa mtoto yataka apelekwe. Haya, nitampeleka."

Ni kigari kidogo cheupe, cha Kijapani, kilichopita mikononi mwa watu wengi kabla yake, na kila aliyekiuza alikiuza kwa bei ya chini kuliko aliyemuuzia. Mlango wa nyuma wa kushoto hufunguka kwa ndani tu. Kiti cha nyuma hutandikwa leso mbili. Ndani hunuka udi na petroli pamoja, kwa sababu Mkunga alikifukiza kama chumba cha mzazi. Na mita ya kilomita ilikufa kabla hajakinunua. Namba zimesimama pale pale mpaka leo. Mtu akimwambia gari lake ni la kale, alikuwa akimwonyesha zile namba. "Hebu tazama. Wewe umezeeka tangu mwaka jana. Lenyewe halijaongeza hata moja."

Mkunga ni mfupi. Akiketi kwenye usukani huweka mto wa sufi chini yake, na bado mtu wa nje huona ushungi tu na vidole. Watoto walikuwa wakisema gari la Nyanya linajiendesha. Mikono yake ni mikubwa kuliko mwili, kana kwamba ameazima. Kwa kuendeshea alivaa viatu vya marehemu mumewe, vyeusi, vya kamba. Alivivaa akiwa mlangoni mwa gari na kuvivua kabla ya kugusa ardhi, hivi kwamba viatu vile havikutembea tena.

Aliendesha polepole mno. Barabara yetu ni ya malori yaendayo na yatokayo bandarini, na dereva wa lori hana subira na mtu wa pole. Walimpigia honi mpaka madirisha yakatetemeka. Mkunga aliteremsha kioo, akatoa mkono wake mkubwa, akawapungia kama bibi harusi.

"Piga, baba, piga! Kontena halishikwi na uchungu!"

Mwanamke aliyelala kiti cha nyuma alicheka hata kama hakutaka, naye Mkunga alimwambia aliyeketi kando yake, "Akicheka anafunguka."

Mimi nilijuana naye kwa mahamri. Mama huuza mahamri na mbaazi, nami kila asubuhi nilimpelekea Mkunga sahani yake. Nilimkuta amefungua boneti. Kabla ya kuwasha gari, kila siku, alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa cheupe, kisha akaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada huku amefumba macho. Aliinusa. Alifanya hivyo kwa utaratibu ule ule wa kupapasa tumbo la mja mzito, hana haraka, na uso wake hausemi kitu mpaka amalize.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Bado ina nguvu," alijibu, na sikujua kama ananiambia mimi au analiambia gari.

Siku moja alipokea sahani, akaiweka juu ya boneti, akasema, "Ingia."

Nikaenda upande wa abiria.

"Huko ni kwa wageni. Ingia huku."

Alinipa usukani bila kuniambia kwa nini. Baadaye, tulipokuwa tunazunguka uwanja mmoja mtupu upande wa Port Reitz, ndipo alipotoa sababu. "Mwanangu akiingia humu, ananieleza. Fundi akiingia, ananieleza. Hata kadhi nikimpakia, najua atanieleza. Wewe huna maneno. Gari hili limechoka kuelezwa."

Hakuwa mwalimu wa kupiga kelele. Alikuwa wa kufinya. Nikiachia klachi kwa pupa alinifinya paja na kusema, "Mguu huo! Ingia kama unaingia chumba alicholala mtoto." Leseni niliipata mara ya pili. Mara ya kwanza nilikataliwa kwa sababu mtahini aliniuliza swali, jibu nalijua, nikanyamaza.

Sasa nije kwenye oili, na hapa ndipo kichwa kinaponizunguka.

Kwa kuwa mita imekufa, Mkunga hakuweza kuhesabu kilomita. Alihesabu miezi, tena si miezi ya kalenda ya ukutani, bali ya mwandamo. Oili humwagwa mfunguo mosi, baada ya Idd. Humwagwa tena mfunguo sita, Maulidi yakishapita. Mara ya tatu ni Shaabani, ili gari nalo liingie Ramadhani likiwa safi. Sisi ni Wagiriama, Wakristo wa asili ya Kaloleni. Mimi mfunguo nimeujua kwa gari, si kwa kufunga. Alikuwa akinitania, "Wewe Mgiriama, tazama juu uniambie mwezi una siku ngapi," nami nikitazama juu na kuona nyaya za umeme tu.

Mpaka hapo ningeweza kufuata. Lakini alikuwa na sharti la pili, nami nililisikia kwenye gereji ya Fundi.

Fundi ni mtu wa bara, gereji yake ni turubai lililofungwa kwenye miti minne kando ya barabara. Hugombana na Mkunga kila wanapoonana, na Mkunga hakuwahi kwenda kwake bila birika la chai. Siku hiyo Fundi alichomoa kijiti, akakikunjia uso.

"Shosho, hii oili ni ya lini?"

"Mimi si shosho wako. Shosho ni nyanya yako, umemwacha kwenu mlimani. Oili ni ya mfunguo mosi."

"Mfunguo ndio nini?"

"Ndiyo maana siwaachii gari langu. Mtu mzima hajui hata mwezi."

"Haya. Na umeenda kilomita ngapi?"

"Mita imekufa, nitajuaje? Nimewapeleka waja wazito hospitali, nimewapeleka wafiwa mazikoni Miritini, na sokoni nimekwenda mara moja. Basi oili imetumika mara moja."

Fundi alinigeukia mimi, niliyekuwa nimeshika birika. "Na hao wengine? Gari liliruka?"

"Safari ya thawabu haili oili," Mkunga akasema, na akamimina chai.

Nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa anacheka. Safari kwake zilikuwa za aina mbili, za dunia na za thawabu. Kumbebea nazi mwenye duka, kwenda harusini, kwenda kununua samaki, hizo zilikuwa za dunia na zilihesabiwa. Mwenye uchungu, mgonjwa na mfiwa hawakuhesabiwa. Miezi ya mfunguo ikifika na safari za dunia zikawa chache, alisema oili bado haijala chumvi, akaiahirisha.

Na Fundi je? Mngetarajia amwambie aimwage siku hiyo hiyo. Alikunywa chai yake, akapangusa mdomo, akasema, "Lakini hata mimi sikushauri uimwage. Injini imechoka hii. Huo uchafu ndio umeziba nyufa. Wewe iongezee tu."

"Kumbe tunakubaliana," akasema Mkunga.

"Hatukubaliani. Wewe sababu yako si sababu."

Nilitaka kuuliza ni nani kati yao yuko sawa, au kama mtu anaweza kukosea na bado akawa sawa. Nikarudisha birika nyumbani.

Mtaani kwetu kulikuwa na njia moja ya kujua Mkunga amebadilisha oili lini. Ile oili chafu hakuiuza wala hakuimwaga mtaroni. Alimpa jirani mmoja mwenye mbuzi, naye akapaka nguzo za banda ili mchwa wasizile. Nguzo zikiwa nyeusi na zinang'aa, watu walijua gari la Bi Mkunga limehudumiwa. Zikiwa kijivu, jirani mwenyewe alikuja kuuliza kwa adabu, "Bi Mkunga, thawabu zimezidi nini mwaka huu?"

Alikuwa na mambo mengi yasiyopatana. Aliwaambia wanawake wasiogope hospitali, "Kuna taa kule, kuna damu ya kuongezwa, mimi nilikuwa na maji moto na dua tu." Yeye mwenyewe alikuwa akiiogopa kuliko wote. Aliwashusha mlangoni, akasubiri ndani ya gari na vioo vimefungwa, na harufu ya dawa ikimfikia alifukiza udi zaidi. Alisema wanaume hawajui kusikiliza, na yeye hakumsikiliza mtu. Alitukataza kula ndani ya gari, na chini ya kiti chake kulikuwa na maganda ya njugu ya tangu sijui lini. Mkarimu alikuwa, lakini ukimrudishia sahani bila kitu ndani yake alikutazama mpaka ukapotea njia.

Macho yake yalipoanza kuingiwa na ukungu, hakumwambia mtu. Mimi nilijua siku alipoitikia salamu ya nguzo ya stima. Niliendesha mimi tangu siku hiyo, yeye akikaa upande wa wageni, viatu vya mumewe amevipakata.

Mwanawe anafanya kazi hotelini Shanzu. Alipogundua hali ya mama yake alikuja kumchukua akatibiwe mtoto wa jicho, na akaja na mtu wa kununua chuma chakavu. Nilikuwa nimefika na mahamri.

"Mama, hili gari limekufa," alisema mwanawe kwa upole. "Halijaambiwa tu."

Mkunga aligeuza uso upande sauti ilikotoka. "Nawe ulitoka umekufa. Mweusi tii, hupumui. Hukuambiwa, ukapigwa makofi, ukalia. Leo wanikalia kitako na suruali ya pasi."

Mwenye chuma chakavu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mkunga akapapasa, akaifikia sahani yangu, akaweka funguo juu ya mahamri. "Mwenye gari ndiye huyu. Mambo ya oili anayajua."

Sikuyajua. Nilinyamaza, kama kawaida yangu, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa kujua.

Nilifanya kama alivyofanya. Kila asubuhi nilichomoa kijiti, nikasugua oili vidoleni na kufumba macho, ila vidole vyangu havikuniambia kitu. Sikuwa na nazi za kubeba wala harusi za kwenda. Mtu akinihitaji alibisha dirishani, nikampeleka, na wote walikuwa wa thawabu. Kwa hesabu ya Mkunga, oili ile haikutumika hata tone. Ikipungua niliongeza. Mfunguo mosi ulipofika, majirani zangu wakavaa nguo mpya, wakatuletea biriani, nami nikasimama mbele ya gari nikajiambia, sijafanya safari ya dunia hata moja. Nikafunga boneti. Mfunguo sita ulipita vivyo hivyo. Nguzo za banda zikawa kijivu, kisha zikawa nyeupe.

Halafu injini ikaanza kugonga. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, tak tak tak, kama mtu anayevunja nazi nyumba ya tatu. Baadaye ikagonga mpaka mchana.

Wakati huo dada yangu alikuwa amekaribia kujifungua. Dada yangu ni mkubwa kwangu, tunaishi naye kwa Mama kwa sababu mumewe huendesha lori la masafa marefu. Mimba yake ya kwanza, akiwa bado anakaa kwa mumewe, alishikwa na uchungu mchana, tuktuk ikanaswa katikati ya malori, na alipofika hospitali damu nyingi ilikuwa imekwisha kumtoka. Mtoto hakupona. Safari hii daktari alimwambia wazi kwamba uchungu ukianza asingoje kitu. Dada akamjibu, "Sitangoja. Gari liko uani, na dereva ni mdogo wangu." Alinisema kwa fahari. Nami nililala nikisikia tak tak tak hata gari likiwa limezimwa.

Nikajilazimisha kuuliza. Muuza vipuri wa Magongo alisema gari kuukuu ni kila kilomita elfu tatu, nikamwambia mita imekufa, akasema basi nitengeneze mita. Simu ya Dada ilisema elfu kumi. Dereva mmoja wa teksi alisema mwaka mara moja yatosha, gari si mtoto. Mwisho nikaenda kwa Fundi. Alisikiliza injini, akazima, akafuta mikono muda mrefu.

"Ukiimwaga sasa, itaanza kuvuja. Uchafu ndio umeziba, nilisema. Usipoimwaga, itagonga mpaka ikwame."

"Sasa nifanye lipi?"

"Mimi ni fundi. Si nabii."

Nilichovya kitambaa cheupe katika ile oili, nikakikunja ndani ya karatasi, nikapanda matatu hadi Shanzu kwa Mkunga.

Nilimkuta barazani kwa mwanawe, zamu yake ya kupasuliwa ndiyo kwanza imefika, jicho moja limefunikwa pamba, jingine bado lina ukungu. Alinijua kwa hatua. "Huyo anayetembea kama ameiba ni nani, si Mgiriama wangu?" Nikampa shikamoo, nikampa mahamri, kisha nikamwekea kitambaa mkononi. Hakuuliza ni nini. Alisugua kwa gumba na shahada. Uso wake haukusema kitu. Akasugua tena.

"Hii ni ya lini?"

"Ile ile, Nyanya. Uliyoniachia."

"Maulidi yamepita."

"Yamepita. Lakini safari zote zilikuwa za thawabu."

Alisugua kwa mara ya tatu.

"Nawe uliamini?" akauliza.

"Ulisema wewe."

"Wallahi nilisema." Akaweka kitambaa pajani. "Sikiza. Nilipolinunua gari lile, nililalamika. Nilikuwa mtu wa kulalamika. Nilisimama hapo njiani nikasema kwa sauti, gari hili lanimaliza kwa oili, kutwa kupeleka watu. Kulikuwa na mja mzito anapita. Mimi sikumwona, yeye alinisikia. Uchungu ulipomshika aliona haya kunibishia mlango. Akaenda kwa miguu. Alizaa kando ya barabara, mwanangu, malori yapita, amezungushiwa leso na wauza maji. Nilipofika mtoto yu mikononi, wazima wote wawili, alhamdulillahi. Nikamuuliza, mbona hukuniita? Akaniambia, Bi Mkunga, sikutaka nikulie oili yako."

Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha.

"Tangu siku hiyo nikasema safari ya thawabu haili oili. Nilisema mbele ya kila mtu, Fundi anicheke, jirani anicheke, lakini mwanamke aliye nyumbani kwake asikie."

"Kwa hiyo ulikuwa unazihesabu?"

"Mwanzo nilizihesabu kimoyomoyo. Kisha nikazeeka, nikaanza kuyaamini maneno yangu mwenyewe. Ukisema kitu miaka yote hiyo, na gari halizimiki, utafanyaje?"

Nikamweleza habari za Dada, na maneno ya Fundi, kwamba nikimwaga itavuja na nisipomwaga itakwama. Nikamuuliza, na nadhani ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza, "Nyanya, nimwage, nisimwage? Na nikimwaga, baada ya hapo iwe kila muda gani?"

Mikono yake mikubwa ilitafuta yangu.

"Sijui."

"Mfunguo mosi na mfunguo sita?"

"Nilibuni. Nilitaka siku nitakazozikumbuka. Sijui, mwanangu. Nilikuwa nabahatisha, na watu wakaniita mjuzi."

Nilirudi Chaani nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Njia nzima nilitafuta jibu katika maneno yake na nikaona moja tu: kwamba siku hizo zote gari lilikuwa linakula, tulikataa tu kulitazama likila. Asubuhi yake nilikwenda kwa Fundi nikamwambia imwagwe, na filta ibadilishwe.

"Una hakika?"

"Sina."

"Afadhali. Wenye hakika ndio hunirudia na matusi."

Alilala chini ya gari, akafungua. Kwa muda hakukutoka kitu. Kisha ikaanguka taratibu, nzito, kama uji uliolala. Ilinuka kuungua. Jirani mwenye mbuzi alikuja na ndoo kabla hajaitwa, na jioni banda lake lilikuwa jeusi nguzo zote, mbuzi wenyewe wakapata mabaka.

Uchungu ulimshika Dada siku chache baadaye, tumetoka kula cha mchana. Mama alimshika mkono, mimi nikakimbilia gari. Niligeuza ufunguo na kutega sikio. Ikagonga mara mbili tatu, ikanyamaza, ikanguruma vizuri. Nikaachia klachi kama ninayeingia chumba alicholala mtoto.

Barabarani tulikuta malori. Nilijipenyeza, nikazuiwa, nikajipenyeza. Dereva mmoja nyuma yangu alibana honi akakataa kuiachia. Dada alikuwa analia kwa Mama. Nikateremsha kioo, nikatoa mkono, nikapunga. Yalibaki yale maneno ya Mkunga. Nilijua yanavyosemwa, nimeyasikia mara nyingi, na bado sikuweza.

Ndipo Dada alipoinuka kwenye kiti cha nyuma, uso umelowa jasho, akapaza sauti yake yote nje ya dirisha: "Piga, baba! Kontena halishikwi na uchungu!"

Mama akaanza kucheka. Dada akacheka, akalia, akacheka. Mwenye lori sijui alisikia nini, lakini honi ilikoma, na mbele yetu mwingine akavuta pembeni. Mtoto alizaliwa kabla jua halijatua. Ni wa kike. Ana sauti, hakunifuata mimi.

Ningependa kuwaambia gari limepona. Tangu siku zile linavuja. Kila asubuhi chini ya injini kuna doa jeusi, na Fundi akipita huonyesha kwa kidole bila kusema, maana alikwishasema. Kugonga kumepungua, lakini asubuhi nyingine husikika. Sijui kama nililiokoa au nililivunja. Labda lingekwama njiani na Dada. Labda lingekwenda vile vile, bila kuvuja. Hakuna wa kuniambia.

Juma lililopita Mkunga aliletwa na mwanawe kumwona mtoto. Pamba imeondolewa. Jicho moja linaona, na analitumia kwa ubahili, anatazama kitu kimoja kwa wakati. Hakuingia nyumbani kwanza. Alikwenda kwenye gari, akainama kwa taabu, akagusa lile doa, akasugua vidole.

"Inavuja."

"Inavuja, Nyanya."

"Inagonga?"

"Kidogo. Asubuhi."

Akanyanyuka, akajipangusa kwa kitambaa nilichomnyooshea. Dada alikuwa ametokea mlangoni amembeba mtoto, anatabasamu. Mkunga akanisogelea karibu, akashusha sauti.

"Na safari ya dada yako, umeihesabu?"

"Nimeihesabu."

"Umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Vyema. Usimwambie." Kisha akageuka, akanyoosha mikono ile mikubwa, akapaza sauti mpaka majirani wakasikia. "Haya, nileteeni mtoto aliyekuja bure!"

Dada hasomi mambo marefu, kwa hiyo haya hatayaona. Nyinyi mliosoma mpaka hapa, kama mna gari kuukuu, la bei rahisi, mita imekufa na injini inavuja, niandikieni mniambie mnaibadilisha oili baada ya muda gani, na mnajuaje. Hata kama mnabahatisha, niandikieni. Nitawajibu, ila mnivumilie, naandika polepole.